Mbwa Atulie Mezani: Mwongozo Kamili wa Kumzoesha Kuchanwa, Kunyolewa na Kukatwa Kucha

Mbwa anayepapatika mezani si mkaidi. Anaogopa, na hofu yake ina vyanzo vitatu: amesimama juu ya kitu kinachoteleza au kutikisika, ameshikwa bila kujua ataachiwa lini, na anakaribiwa na chombo asichokijua. Ukiviondoa vyote vitatu kwa mpangilio, mbwa wengi, wa kienyeji kwa wa kigeni, watasimama wenyewe bila kukandamizwa. Ukitumia nguvu, leo watatosha watu wawili kumshika, mwezi ujao watatakiwa watatu, na mmoja wao ataumwa.

Mbwa wengi wa hapa Tanga ni wa ulinzi. Mchana wamo bandani, usiku wanafunguliwa, na anayewagusa ni mtu mmoja tu, yule anayewapelekea chakula. Mbwa wa namna hiyo akinyanyuliwa ghafla na kuwekwa mezani anashikwa miguu na masikio kwa mara ya kwanza maishani mwake, tena akiwa juu. Ndiyo maana mafunzo haya yanaanzia chini sakafuni, na mwalimu wa kwanza anapaswa kuwa mtu yuleyule anayemlisha, hata kama mkataji kucha atakuwa mwingine.

Kijibwa ndiye rahisi kuliko wote. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya maisha yake ubongo wake hupokea mambo mapya bila hofu kubwa, kwa hiyo usisubiri akue. Mbwa mkubwa ambaye hajawahi kuumizwa mpe wiki tatu hadi sita. Aliyewahi kukatwa kucha hadi damu, au kuunguzwa na mashine, anaweza kuhitaji miezi mitatu, na hapo hakuna njia ya mkato.

MEZA

Kwa mbwa mdogo wa hadi kilo 10, meza iwe na urefu wa sentimita 75 hadi 90 kutoka chini ili usiumie mgongo. Kwa mbwa mkubwa wa ulinzi, sentimita 50 hadi 60 zinatosha. Watu wengi hukosea hapa: wanamchukua mbwa wa kilo 30 na kumpandisha kwenye meza ya urefu wa kiuno, kisha anaruka na kuumia bega. Upana wa sentimita 60 na urefu wa 120 unamtosha mbwa mkubwa kusimama na kulala. Mwambie seremala atumie plaiwudi ya milimita 18, miguu ya mbao nene, na vipande vya kuunganisha miguu kwa mshazari. Ukifika nyumbani, iegemee kwa uzito wako wote na uisukume kutoka pembeni. Ikicheza hata kidogo, irudishe. Mbwa husikia mtikisiko kwa nyayo kabla wewe hujauona kwa macho.

Nani asiyejua upepo wa chumvi wa pwani? Misumari ya kawaida huota kutu mapema, miguu inalegea, na meza iliyokuwa imara inaanza kulia. Tumia skrubu na bolti zilizopakwa zinki au za chuma kisichoshika kutu, na uzikaze upya kila baada ya miezi michache.

Juu ya plaiwudi weka kapeti ya mpira yenye vinundu, iliyogundishwa au kupigiliwa pembeni isijikunje. Kapeti laini ya plastiki inayotandikwa sebuleni haifai, maana ikilowa inateleza kama sabuni. Zulia la mkonge linashika vizuri likiwa kavu, kwa hiyo litumie kwenye ubao wa kupandia, si mezani ambako maji humwagika: mkonge ukinywa maji huchelewa kukauka.

Ubao wa kupandia ni muhimu kwa mbwa wa zaidi ya kilo 20. Kwa meza ya sentimita 50, ubao wa mita moja na nusu unatoa mteremko ambao hata mbwa mzee anaupanda. Mbwa anayepanda kwa miguu yake ameshakubali nusu ya kazi. Yule mdogo wa kubebwa, weka mkono mmoja chini ya kifua na mwingine nyuma ya mapaja, umkumbatie karibu na mwili wako. Usimnyanyue kwa makwapa.

Meza ikae kivulini, upande mmoja umeegemea ukuta ili mbwa awe na pande chache za kuhofia. Iwe mbali na jiko na mbali na njia ya watu. Kwenye nyumba na mitaa yetu wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi maji ya kuoshea mezani yasitiririke kwenye njia ya jirani anayekwenda msikitini, na nguo za kazi, taulo na vitana viwe vya mbwa peke yake. Kuna vijana wanaoipenda kazi hii lakini wanaiogopa kwa sababu hiyo. Wape glavu, aproni ya mpira na bomba la maji karibu, nao wataifanya bila wasiwasi.

Kuhusu kitanzi cha shingoni kinachoning'inia juu ya meza: katika wiki zote za mafunzo usikitumie kabisa. Baadaye, ukikitumia, kiwe mkanda mpana wenye kifungo cha kufyatuka mara moja, na kamwe usimwache mbwa peke yake ndani yake, hata kwa muda wa kupokea simu. Akiruka akiwa kitanzini ananyongwa. Kamba ya mkonge haifai shingoni kwa namna yoyote, huchuna ngozi.

MALIPO NA MANENO

Mbwa anafundishwa kwa kitu anachokitamani, na ugali anaoupata kila siku si kitu cha kutamaniwa. Chemsha maini au kuku bila chumvi wala kitunguu, ukate vipande vya ukubwa wa punje ya kunde. Dagaa wakavu wa sokoni Mgandini wanafaa sana, ila waloweke na kuwasuuza kwanza kutoa chumvi, kisha wakate. Maini yasiwe ya kila siku, yakizidi humletea mbwa vitamini A nyingi mno, basi badilisha badilisha. Kwa kipindi kimoja tayarisha vipande 20 hadi 30, na upunguze kiasi hicho kwenye chakula cha jioni.

Chagua maneno manne na uyaandike bandani ili mlinzi, mama wa nyumbani na watoto wayatumie yaleyale. "Safi" maana yake umefanya vyema, kipande kinakuja. "Tulia" ni kubaki ulipo. "Kidevu" tutalieleza chini. "Shuka" ni ruhusa ya kuondoka. Kipande kimfikie ndani ya sekunde mbili baada ya "Safi", ukichelewa unalipia kitu kingine alichokifanya katikati.

Sasa jambo ambalo ndilo linaloharibu mafunzo mengi: mpangilio wa kugusa na kulisha. Lazima mguso uje kwanza, chakula kifuate. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, alionyesha kwamba mbwa akisikia sauti fulani kisha akapata chakula, baada ya muda sauti peke yake humtoa mate. Sauti ilitangulia. Ukigeuza, ukamwonyesha nyama kwanza ndipo umshike mguu, unamfundisha kwamba nyama ni dalili ya balaa. Matokeo yake ni mbwa anayekimbia akiona bakuli la maini, na mwenyewe anashangaa. Kwa hiyo mkono wa kulisha ukae nyuma ya mgongo wako mpaka mkono wa kugusa umalize.

HATUA ZA KUMFIKISHA MEZANI

Fanya vipindi vya dakika tatu hadi tano, mara mbili kwa siku. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, fanya kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Joto na unyevu wa Tanga humfanya mbwa ahemewe, na mbwa anayehema kwa joto huwezi kumsoma hofu yake. Mtoe haja kwanza, umnyweshe maji.

1. Tandika kipande cha kapeti ileile ya mpira chini, mahali anapopazoea. Akiweka mguu mmoja juu yake, "Safi", kipande. Halafu miguu miwili, halafu minne. Usimvute. Akishajipeleka mwenyewe kila unapoitandika, anza kuchelewesha kipande: sekunde moja, tatu, tano, mpaka akae sekunde 30 baada ya "Tulia". Kila mara umalize kwa "Shuka" na umwache aondoke.

2. Inua kapeti kidogo. Kreti mbili za soda zilizofunikwa na ubao, zikafungwa zisitembee, zinatosha. Rudia yote kutoka mwanzo, maana kwa mbwa kimo kipya ni somo jipya.

3. Mfundishe ubao wa kupandia ukiwa umelazwa chini kabisa, kisha ukiwa na mteremko mdogo kwenye kreti, kisha mezani. Vipande viweke kwenye ubao hatua kwa hatua.

4. Mezani siku ya kwanza asifanyiwe lolote. Apande, apate vipande vitano sita mfululizo, ashuke. Chini asipate kitu. Baada ya siku chache ataanza kupanda kabla hujamwita, na hiyo ndiyo alama ya kusonga mbele.

Kipimo cha kusonga kwenye kila hatua ni kimoja: mara nne kati ya tano afanye bila kusita. Akishindwa mara mbili mfululizo, rudi hatua moja nyuma, umalize na kitu anachokiweza.

KIDEVU

Hili ndilo zoezi ambalo lisirukwe. Kunja taulo, liweke ukingoni mwa meza au kwenye kiganja chako. Mbwa akishusha kidevu na kukigusisha, hata kwa bahati, "Safi", kipande. Akishaelewa, ongeza muda hadi sekunde kumi, kisha ishirini.

Kuanzia hapo kidevu kinakuwa mazungumzo. Kidevu kikiwa chini, mbwa anasema endelea. Akikiinua, anasema simama, na wewe unasimama papo hapo, unaondoa mkono, unasubiri akirudishe. Wengi hudhani mbwa akipewa uwezo huo ataukataa ukataji kucha daima. Kinachotokea ni kinyume chake: akijua kuna mlango wa kutokea, hauhitaji. Mbwa anayeuma mezani kwa kawaida ni yule aliyesema simama kwa njia tano za upole na hakusikilizwa.

Njia hizo za upole zijue vizuri. Analamba midomo bila chakula. Anapiga miayo. Anageuza uso huku jicho likibaki kwako, weupe wake ukionekana. Masikio yanarudi nyuma, mkia unaingia katikati ya mapaja, mguu mmoja wa mbele unainuliwa. Anakataa kipande ambacho kwa kawaida hukidaka: hapo hofu imeshashinda njaa, na hakuna mafunzo yanayoingia tena siku hiyo. Dalili ya hatari kuliko zote ni ukimya. Mbwa aliyekuwa akijipinda akikakamaa ghafla kama mti, mdomo umefungwa, hajatulia. Yuko sekunde chache kabla ya kuuma. Ondoa mikono polepole, usimkodolee macho, mwambie "Shuka".

MIKONO KWANZA, VYOMBO BAADAYE

Anza kugusa mahali pasipo na hofu, begani na ubavuni, sekunde moja, kipande. Songa kuelekea mgongoni, nyonga, mapaja. Miguu ya nyuma kabla ya ya mbele, maana mbwa wengi huilinda zaidi ya mbele. Mguu usiuvute kuelekea kwako wala kando. Mguu wa mbwa hukunjika hasa mbele na nyuma, na ukiupanua kando unamuumiza, hasa mzee mwenye baridi yabisi. Telezesha mkono kutoka begani hadi kwenye kifundo, kisha ukunje mguu chini ya mwili wake. Masikio, midomo na mkia viwe mwisho. Tumia nafasi hiyo kutafuta kupe: ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kwapani na katikati ya vidole. Kupe wa pwani hawana msimu wa likizo.

Kitana: mguse kwa mgongo wa kitana kwanza, kisha kwa meno, ukipitishe mara moja tu, kipande. Mbwa wa manyoya mafupi anataka brashi ya mpira tu. Mwenye manyoya marefu yaliyosokotana, shika shina la fundo karibu na ngozi kabla ya kulichambua kutoka nchani, ili mvuto uishie kwenye vidole vyako. Fundo kubwa linyolewe. Kulivuta kwa nusu saa ni mateso.

Mashine ya kunyoa ina mambo matatu tofauti, sauti, mtetemo na joto, na kila moja linafundishwa peke yake. Sauti: msaidizi aiwashe akiwa mita tatu au zaidi, sekunde mbili, azime. Kila ikilia, kipande. Ikizimwa, vipande vinakoma. Sogea nusu mita kwa siku. Mtetemo: tumia simu. Iweke kwenye mtetemo, uigusishe begani mwake wakati inaita. Joto: baada ya dakika tano hadi kumi kisu cha mashine huanza kuchoma, basi kiguse kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono wako kila dakika chache. Kikikuudhi wewe, kinamuunguza yeye, hasa tumboni na kinenani. Mbwa "anayechukia mashine katikati ya kazi" mara nyingi ameunguzwa. Kisu kikivuta manyoya badala ya kuyakata, ni butu au kina kutu. Kifute kila baada ya kazi, kitie tone la mafuta ya cherehani, ukifungie mbali na hewa ya bahari. Mashine ya betri ina faida mbili: hupiga kelele kidogo, na umeme ukikatika mbwa habaki nusu.

KUCHA

Mbwa anayelala kwenye sakafu ya saruji na kutembea kidogo kucha zake hurefuka na kumpinda vidole. Ukizisikia zinagonga sakafu akitembea, zimeshazidi.

Gusa kucha kwa mkasi uliofungwa, kipande. Kisha kata tambi isiyopikwa karibu na mguu wake ili asikie ule mlio, kipande. Kisha kata kucha moja. Moja tu, na siku hiyo imekwisha. Kesho nyingine. Kucha kumi na nane kwa siku kumi na nane ni bora kuliko kucha zote kwa vita moja. Usisahau ya kidole cha juu, upande wa ndani wa mguu wa mbele: haigusi ardhi, hujikunja na kuingia nyamani.

Kata milimita moja hadi mbili kwa wakati, mkasi ukiwa na mshazari unaofuata umbo la kucha. Kwenye kucha nyeupe nyama ya ndani huonekana ya waridi, nawe uishie milimita mbili kabla yake. Kwenye nyeusi tazama kila unapokata: kwanza utaona unga mweupe mkavu, halafu katikati kitatokea kidoa cheusi chenye kung'aa. Hapo acha. Damu ikitoka, bandika wanga wa mahindi na ukandamize dakika mbili hadi tano bila kuchungulia. Kisha mpe vipande kadhaa kwa miguso ya begani tu, na urudi kwenye kucha baada ya siku tatu, ukianza na mkasi uliofungwa.

YANAYOHARIBIKA NA SABABU ZAKE

Anapanda vizuri lakini haachi kujaribu kuruka. Umeongeza muda haraka kuliko utulivu, au meza inatikisika. Kagua meza kwanza.

Alikuwa mtulivu kwa miezi, ghafla anafoka akiguswa sikio, mkia au nyonga. Huko si kusahau mafunzo, ni maumivu mpaka ithibitike vinginevyo. Usaha sikioni, jino bovu, jipu katikati ya vidole. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kumrudisha mezani.

Anatulia kwako na kumfokea kinyozi. Hajawahi kufundishwa kwamba watu wengine nao huleta kipande. Kinyozi aje mara tatu nne bila chombo, agawe maini, aondoke.

Kazi ni ya lazima na mafunzo hayajafika. Tumia kifunika mdomo cha kikapu, kinachomruhusu kuhema, kunywa na kupokea kipande, nacho kifundishwe kwa kupaka maini yaliyopondwa ndani yake. Kumfunga mdomo kwa kitambaa kwenye joto la hapa ni hatari, maana mbwa hujipoza kwa kuhema. Dawa ya kumtuliza atoe daktari wa mifugo peke yake. Vidonge vya usingizi vya binadamu vinaweza kumuua.

Akiuma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama ni mbwa wenu. Kadi ya chanjo ya mbwa iwe imejazwa kabla hujaanza hatua ya kwanza, na kila anayemshika ajue inawekwa wapi.

KUMTUNZA ASIRUDI NYUMA

Mbwa akipandishwa mezani siku za kucha tu, ndani ya miezi miwili atakuwa amejua kwamba meza maana yake kucha. Mpandishe mara mbili kwa wiki, dakika mbili, na mara nyingi zaidi asifanyiwe kitu: apande, aweke kidevu, ale, ashuke. Kucha kila wiki tatu hadi nne, brashi kila wiki. Ubao wa kupandia uache umeegemezwa mezani muda wote, na siku akijipandisha mwenyewe bila kuitwa, mpe kipande hata kama huna kazi naye.